Binti wa Penang Aliyetawala Skwoshi Miezi 108

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo husemwa aghalabu ili kumliwaza aliyeshindwa, naye huyasikiliza kwa adabu tu huku moyo ukimwungua. Lakini wako watu wachache ambao maisha yao yote ni ushahidi wa methali hiyo. Mmoja wao ni Bi. Nicol Ann David wa Malaysia, mwanamke ambaye kimo chake ni sentimita 152 tu, lakini jina lake limeandikwa juu kabisa katika historia ya mchezo wa skwoshi.

Bi. David alikaa kileleni mwa orodha ya wachezaji bora wa kike duniani kwa miezi 108 mfululizo, yaani miaka 9 kamili, tangu katikati ya mwaka 2006 mpaka Septemba 2015. Alitwaa ubingwa wa dunia mara 8, ubingwa wa British Open mara 5, na kwa jumla alishinda mashindano 81 ya wachezaji wa kulipwa. Hata hivyo medali moja aliyoitamani kuliko zote, yaani ile ya Olimpiki, hakuipata. Hakuikosa kwa sababu ya kushindwa na mtu uwanjani. Aliikosa kwa sababu mlango wa michezo hiyo haukufunguliwa mpaka alipokwisha kuitundika raketi yake.

MCHEZO WA KUTA NNE

Kwa kuwa skwoshi haichezwi katika viwanja vya wazi ambako kila mpita njia aweza kusimama na kutazama, yafaa kwanza kueleza ulivyo mchezo wenyewe.

Huchezwa ndani ya chumba chenye kuta nne, urefu wake mita 9.75 na upana wake mita 6.4. Wachezaji wawili hawatenganishwi na wavu kama katika tenisi. Wote wawili husimama upande mmoja, bega kwa bega, wakipiga kwa zamu mpira mdogo wa raba kwenye ukuta wa mbele. Chini ya ukuta huo pana ukanda wa bati. Mpira ukigusa bati hulia, na kila mtu husikia kwamba mpigaji amekosea. Mpira ukidunda sakafuni mara mbili kabla ya kurudishwa, pointi huenda kwa mpinzani. Siku hizi anayetangulia kufikisha pointi 11 ndiye mshindi wa seti, ila wakifungana 10 kwa 10 hapana budi mmoja atangulie kwa pointi mbili. Anayeshinda seti tatu ameshinda pambano.

Mpira wa skwoshi una tabia yake. Ukiwa baridi haudundi. Ukiangushwa sakafuni hulala kama jiwe. Ndiyo maana wachezaji huanza kwa kuupiga ukutani mara nyingi mpaka upate joto, na hapo huchangamka. Pambano likirefuka, miili nayo huchemka. Chumbani hamna upepo, hamna kivuli cha kujificha, wala hakuna mwenzi wa timu wa kumpasia mpira. Mchezaji hukimbia mbele, hurudi nyuma, huinama, hujinyoosha, na kabla hajavuta pumzi mpira umekwisha kumrudia.

Katikati ya sakafu mistari miwili hukutana na kufanya herufi T. Hapo ndipo penye siri ya mchezo. Anayepashika hapo aweza kufikia kila pembe ya chumba kwa hatua chache. Anayeng'olewa hapo hana budi kukimbia mbio za mtumwa. Askari aliyefundishwa thamani ya kushika kilima kabla ya adui hahitaji maelezo zaidi. Kila pigo la mpira katika skwoshi ni jaribio la kumwondoa mwenzio kilimani na kupanda wewe.

Mchezo huu ulianza katika shule ya Harrow huko Uingereza, yapata mwaka 1830, nao ulitokana na mchezo mwingine wa raketi uliokuwa ukichezwa na wafungwa wa madeni katika magereza ya London. Maofisa wa jeshi la Waingereza waliuchukua popote walipopiga kambi. Hashim Khan, ambaye utotoni alikuwa akiokota mipira katika klabu ya maofisa mjini Peshawar, alikwenda Uingereza mwaka 1951 kwa msaada wa jeshi la anga la Pakistan, akatwaa ubingwa wa British Open. Tangu siku hiyo ilidhihirika kwamba mchezo wa mabwana waweza kutawaliwa na mtoto wa mtumishi.

MTOTO WA TATU

Nicol David alizaliwa tarehe 26 Agosti 1983 katika Penang, kisiwa kilicho upande wa kaskazini-magharibi wa Malaysia. Baba yake, Bw. Desmond David, ni mhandisi mwenye asili ya Kihindi, ambaye katika ujana wake alikuwa mwanamichezo wa jimbo lake. Mama yake, Bi. Ann Marie, ni mwalimu mwenye asili ya Kichina. Katika nchi yenye Wamalay, Wachina na Wahindi, ambamo watu hawakosi kuulizana asili, mtoto huyo alikuja kuwa wa wote. Aliposhinda, hapakuwa na mtaa uliosema kwamba ushindi ule si wake.

Alikuwa na dada wawili wakubwa, Lianne na Cheryl, nao walicheza skwoshi kabla yake. Yeye alianza akiwa na miaka 5 tu, akiwafuata dada zake kama ilivyo desturi ya kitinda mimba, ambaye hataki kuachwa nyuma kwa jambo lolote. Mtoto wa umri huo huiona raketi kuwa nzito, na ukuta huuona uko mbali. Lakini wazazi wake hawakumwambia asubiri akue, wala hawakumwambia kwamba mbio na jasho si mambo ya msichana.

Mti ulianza kuzaa mapema. Desemba 1998, skwoshi ilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Asia mjini Bangkok, Nicol alikuwa na umri wa miaka 15, naye alirudi nyumbani na medali ya dhahabu. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia wa vijana huko Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 2000 alijiunga na wachezaji wa kulipwa. Mwaka 2001 akautwaa tena ubingwa wa dunia wa vijana, safari hii mbele ya watu wa Penang kwao, na hapakuwa na msichana aliyewahi kuushinda mara mbili kabla yake.

PIGO LA BUSAN

Mtu akishinda mapema hushawishika kuamini kwamba njia yote itakuwa tambarare. Lakini mchezo wa vijana na mchezo wa watu wazima ni vitu viwili. Miongoni mwa wanawake wa kulipwa walikuwamo wachezaji waliokomaa, wenye nguvu za mkono na ujanja wa miaka mingi, ambao hawakujali msichana yule alishinda nini alipokuwa mtoto.

Mwaka 2002 Michezo ya Asia ilifanyika Busan, Korea ya Kusini. Nicol alikwenda huko kulinda medali yake ya dhahabu, na nchi nzima ilihesabu kwamba medali hiyo ilikuwa tayari mfukoni. Katika fainali alishindwa na Rebecca Chiu wa Hong Kong. Medali ya fedha si kitu cha kudharauliwa, lakini kwa mtu aliyekuwa na dhahabu, fedha ni deni. Baada ya hapo msichana huyo alikaa kando ya mchezo kwa muda, akajiuliza kama kweli alikuwa bado akiupenda.

Wazazi wenye watoto mabingwa huogopa sana wakati kama huo. Mtoto amekwisha kutumia utoto wake wote katika jambo moja, na sasa jambo lile limemwacha mikono mitupu. Wengine huacha kabisa. Wengine hurudi shingo upande, kwa sababu tu hawajui kazi nyingine, na mchezo wao huwa hauna roho. Nicol alirudi kwa hiari yake mwenyewe, lakini hakurudi alikokuwa. Alielewa kwamba ili afike mbali ilimpasa aondoke nyumbani.

MWALIMU WA AMSTERDAM

Mwaka 2003, kabla hajatimiza miaka 20, alihamia Amsterdam, mji mkuu wa Uholanzi. Alimfuata Bi. Liz Irving wa Australia, ambaye siku zake alikuwa mchezaji wa pili kwa ubora duniani na sasa alikuwa akifundisha huko. Binti aliyezoea jua la Penang na chakula cha mama yake alijikuta katika nchi ya baridi na mvua nyembamba, ambako watu huenda kazini kwa baiskeli na lugha ya mitaani haifanani na yoyote aliyoijua.

Mwalimu alimpokea mwanafunzi mwenye mbio na moyo, na kazi yake ikawa kumwongezea silaha. Mbio peke yake humsaidia mtu kuokoa mipira. Hazimsaidii kumaliza pambano. Palihitajika pigo refu linalosugua ukuta wa kando na kufia pembeni nyuma, pigo la kudondosha mpira karibu kabisa na ukuta wa mbele, na zaidi ya yote akili ya kujua ni lini litumike hili na ni lini litumike lile. Mambo haya hupatikana kwa kurudia. Mchezaji hupiga pigo lile lile mara mia, kisha mara mia nyingine. Husogea chumbani bila mpira, akigusa kila pembe na kurudi katikati, mpaka miguu iijue njia bila kuulizwa. Kurutu aliyewahi kufundishwa kwata, akageuzwa kulia na kushoto tangu alfajiri, anajua thamani ya kazi isiyo na mtazamaji.

Watu wa skwoshi walianza kumwita Sungura wa Duracell, wakimfananisha na yule sungura wa matangazo ya betri anayeendelea kupiga ngoma wenzake wanapokwisha nguvu. Lilikuwa jina la mzaha, lakini wapinzani wake hawakulicheka. Kwa mtu mwenye kimo kifupi kila mpira wa juu ni mrefu na kila pembe iko mbali. Yeye alilipa deni la kimo chake kwa miguu.

MIEZI 108 KILELENI

Matunda yalionekana mwaka 2005. Alishinda British Open, mashindano ambayo kwa miongo mingi yamehesabiwa kuwa baba wa mashindano yote ya skwoshi. Mwaka huo huo, huko Hong Kong, alimshinda Rachael Grinham wa Australia katika fainali na kuwa bingwa wa dunia. Januari 2006 alitajwa kuwa wa kwanza katika orodha ya dunia, mwanamke wa kwanza kutoka bara la Asia kufikia daraja hilo. Nafasi hiyo ilimponyoka kwa miezi michache, akairudisha katikati ya mwaka, na baada ya hapo hakuna aliyeigusa kwa miaka 9.

Orodha ya ushindi wake wa dunia yasomeka kama safari ya msafiri asiyetua: Hong Kong mwaka 2005, Belfast mwaka 2006, Manchester mwaka 2008, Amsterdam mwaka 2009, Sharm el-Sheikh mwaka 2010, Rotterdam mwaka 2011, Grand Cayman mwaka 2012. Kule Rotterdam aliipita rekodi ya Sarah Fitz-Gerald wa Australia, aliyekuwa ameshinda mara 5. Katika Michezo ya Asia aliirudisha ile dhahabu ya Busan huko Doha mwaka 2006, akaishika tena huko Guangzhou mwaka 2010 na Incheon mwaka 2014. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola alishinda Delhi mwaka 2010 na Glasgow mwaka 2014. Mwaka 2008 alipewa kwao Penang heshima ya kuitwa Datuk, cheo ambacho aghalabu hupewa watu wenye mvi.

Atazamaye kwa makini ataona kwamba katika mlolongo huo mwaka 2007 haumo. Mwaka huo, mjini Madrid, bingwa wa dunia mara mbili alitolewa katika raundi ya pili na Shelley Kitchen wa New Zealand. Mtu wa kwanza duniani alifungasha mizigo yake huku mashindano ndiyo kwanza yameanza. Baada ya hapo alishinda ubingwa wa dunia mara tano mfululizo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kuna jambo jingine la kukumbukwa katika miaka hiyo. Katika michezo mingi mwanamke hutoka jasho lile lile na kulipwa nusu ya fungu. Mwaka 2013 mashindano ya US Open yalivunja desturi hiyo, yakawa mashindano makubwa ya kwanza ya skwoshi kutoa zawadi sawa za fedha kwa wanaume na wanawake. Aliyeshinda upande wa wanawake mwaka huo alikuwa Nicol David.

PENANG, KISHA CAIRO

Mwezi Machi 2014 ubingwa wa dunia uliletwa Penang. Yalikuwa mashindano ya mwaka 2013 yaliyocheleweshwa, na kwa watu wa kisiwa kile hapakuwa na zawadi kubwa zaidi. Binti yao alikuwa na vikombe saba vya dunia, vyote alivishinda ugenini. Sasa cha nane kingepatikana nyumbani, mbele ya wazee waliomwona akibeba raketi iliyomzidi.

Haikuwa hivyo. Katika nusu fainali alikutana na msichana wa Misri mwenye umri wa miaka 18, Nour El Sherbini, akashindwa. Kikombe kilichukuliwa na Laura Massaro wa Uingereza, naye mwenye nyumba akabaki kuwa mtazamaji katika nyumba yake.

Kushindwa ugenini kuna faraja moja: mtu hupanda ndege akaondoka. Kushindwa nyumbani ni jambo jingine, kwa kuwa kila unayekutana naye njiani alikuwapo au alisikia. Tena Bi. David alikuwa sasa na miaka 30, na walikuwapo waliosema kwamba zamu yake imekwisha, kwamba wasichana wa Misri wameiva na jua la Penang linatua.

Mwezi Desemba mwaka huo huo mashindano ya mwaka 2014 yalifanyika Cairo. Mambo yalikuwa yamegeuka: sasa yeye ndiye aliyekuwa mgeni, na katika fainali alipangwa na Raneem El Welily, binti wa Misri, mbele ya Wamisri. El Welily alikuwa mchezaji mwenye mkono wa ajabu, awezaye kuuweka mpira mahali ambapo wengine wasingethubutu hata kuukusudia. Alishinda seti ya kwanza 11 kwa 5. David akajibu 11 kwa 8. El Welily akachukua ya tatu 11 kwa 7. Katika seti ya nne Mmisri alitangulia 10 kwa 6.

Hesabu ni rahisi. Alibakiza pointi moja kuwa bingwa wa dunia, naye alikuwa na nafasi nne za kuipata. David alihitaji kushinda zote nne bila kukosea hata mara moja, na baada ya hapo bado angekuwa hajashinda kitu. Angekuwa amelingana tu.

Akaiokoa ya kwanza. Akaiokoa ya pili. Akaiokoa ya tatu na ya nne. Zikawa 10 kwa 10, na seti ile ikaisha 14 kwa 12 kwa upande wake. Katika seti ya tano, mwenye miaka 31 ndiye aliyekuwa na pumzi, akamaliza 11 kwa 5. Kikombe cha nane, ambacho Penang ilikingojea Machi, kilipatikana ugenini Desemba, katika nchi ya mpinzani wake.

BATI LASHUSHWA

Hakuna utawala usio na mwisho. Septemba 2015 Raneem El Welily alimwondoa Bi. David kileleni, akawa mwenyewe wa kwanza duniani. Aliyemzuia asiwe bingwa Cairo ndiye aliyemrithi, na hakuna aliyesema kwamba urithi huo haukuwa wa haki.

Wakati huo huo sheria moja ndogo ilibadilika. Lile bati la ukuta wa mbele, ambalo kwa wanawake lilikuwa na kimo cha sentimita 48, lilishushwa mpaka sentimita 43, sawa na la wanaume. Sentimita tano ni upana wa vidole vitatu tu. Lakini kwa mchezaji anayependa kushambulia, vidole vitatu ni uwanja mpana: mpira waweza kuuawa chini zaidi, na anayetegemea kukimbia na kuokoa hana tena nafasi ya kuufikia. Wamisri, waliolelewa katika mchezo wa mashambulizi, walifaidika. Bi. David hakulalamika hadharani kwamba ameonewa. Aliendelea kusafiri na kucheza, akishuka katika orodha mwaka hadi mwaka, akishindwa na wasichana ambao waliianza skwoshi yeye akiwa tayari bingwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 alitangaza kwamba msimu huo ungekuwa wa mwisho kwake. Alicheza British Open mwezi Mei katika mji wa Hull, na mwezi Juni aliiaga kazi yake akiwa na umri wa miaka 35. Alikuwa ameishi kwa skwoshi kwa miaka 30.

MLANGO WA OLIMPIKI

Linabaki lile jambo moja. Muda wote wa utawala wake, Bi. David alisema waziwazi kwamba angekuwa radhi kuvitoa vikombe vyake vya dunia ili apate dhahabu moja ya Olimpiki. Si kwamba alividharau vikombe vyake. Alijua kwamba katika vijiji na miji ambako hakuna hata chumba kimoja cha skwoshi, watu wanaijua Olimpiki; na mchezo usiomo katika Olimpiki hukosa fedha za serikali, walimu na watoto wa kuujaza.

Mwaka 2005, huko Singapore, wakubwa wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walipiga kura, na skwoshi ikakosa theluthi mbili zilizotakiwa. Mwaka 2009, huko Copenhagen, walichaguliwa gofu na raga. Mwaka 2013, huko Buenos Aires, Bi. David mwenyewe alikuwamo katika ujumbe uliokwenda kuutetea mchezo wake. Nafasi ikapewa mieleka. Mara tatu alibisha hodi, na mara tatu hakukaribishwa.

Oktoba 2023, katika mkutano wa Mumbai nchini India, skwoshi ilikubaliwa kuingia katika michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028. Bi. David alikuwa amestaafu kwa miaka minne. Mlango aliousukuma kwa bega lake katika siku za nguvu zake umefunguliwa, na watakaoingia ni wengine. Baba hupanda mnazi, na anayekunywa madafu ni mjukuu.

Naye Nour El Sherbini, yule msichana aliyewanyamazisha watu wa Penang mwaka 2014, aliendelea kukusanya vikombe vya dunia kimoja baada ya kingine, na mwezi Mei 2025, mjini Chicago, akapata cha nane. Kwa hiyo ile rekodi ya vikombe vinane sasa inashikwa na wanawake wawili, mmoja wa Asia na mwingine wa Afrika.

YANAYOBAKI NYUMBANI

Bi. David hakukosa shukrani ya watu. Mwaka 2021 wapenzi wa michezo duniani walipiga kura kumchagua mwanamichezo bora wa nyakati zote katika Michezo ya Dunia, mashindano yanayokusanya michezo isiyomo katika Olimpiki. Yeye aliyekuwa na dhahabu tatu za michezo hiyo, za mwaka 2005, 2009 na 2013, alipata zaidi ya kura 300,000 na kuwa wa kwanza.

Yeye mwenyewe alirudi Malaysia. Mwaka 2022, akishirikiana na rafiki yake Bi. Mariana de Reyes, mchezaji wa zamani kutoka Colombia, alianzisha shirika la kuwafundisha watoto skwoshi pamoja na lugha ya Kiingereza. Lengo si kwamba kila mtoto awe bingwa. Ni kwamba mtoto apate mahali pa kwenda baada ya masomo, mwalimu wa kumwamini, na mazoea ya kumaliza alichokianza.

Wazazi wenye mabinti watapata la kutafakari katika habari hizi. Familia ya David haikujua, siku ile mtoto wa miaka 5 alipowafuata dada zake, kwamba inamlea bingwa wa dunia. Ilichofanya ni jambo dogo ambalo kila nyumba inaliweza: haikumrudisha jikoni kwa sababu ni msichana. Alipotaka kuhama akiwa kijana, ilimwachia. Aliposhindwa, mlango wa nyumbani ulikuwa wazi. Wazazi wengi huwatakia watoto wao ushindi. Ni wachache wanaowaandaa kwa siku ya kushindwa, nayo ndiyo siku ambayo mtoto humhitaji mzazi kuliko zote.

Na kwa wale wanaolinda usiku wenzao wakiwa wamelala, lipo somo la ile seti ya nne ya Cairo. Mambo yakiwa 6 kwa 10 hakuna pigo moja liwezalo kuokoa pambano. Lipo pigo la kuokoa pointi hii iliyopo, kisha ile inayofuata. Mwanamke yule mfupi hakuzihesabu nne kwa pamoja. Alirudi katikati ya chumba, akasimama juu ya ile herufi T, akangoja mpira.